Viporo vya Eastlands: Gemu Ambazo Banda Lilizikataa

Kwa mchezaji wa London au Tokyo, kiporo cha gemu, yaani gemu iliyokaa bila kuchezwa, ni kitu alichokinunua mwenyewe. Aliona bei imeshushwa, akalipa, akaiweka gemu rafuni, kisha kazi na usingizi vikamshinda. Siku akiamua kuvimaliza viporo vyake, anashindana na pupa yake. Aliyekulia Eastlands ya Nairobi, mitaa kama Buruburu, Umoja, Kayole au Dandora, hana hesabu hiyo. Wengi wetu hatukununua gemu hata moja utotoni. Gemu zilikuwa za mwenye banda la kuchezea kwa kulipia, na kiporo cha mtoto wa Eastlands ni zile ambazo mwenye banda hakuona faida ya kuziweka.

Nazo si chache. Sony ilipositisha utengenezaji wa PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, mashine hiyo ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani na kutengenezewa gemu zaidi ya 3,800. Zilizochezwa kwa dhati katika banda la kawaida ungezihesabu kwa vidole vya mikono na miguu, na huenda vidole vingine vingebaki. Mtu mzima anayetaka leo kurudi nyuma, acheze zile za zamani ambazo hazikufika mtaani, ana kazi ya miaka. Kabla ya kuianza, ni vizuri ajue kwa nini hazikufika.

Jibu jepesi linalosikika ni kwamba watu wa Eastlands wanapenda mpira na ngumi tu, hadithi ndefu haziwaingii. Silikubali. Ni mitaa hii hii iliyomaliza tamthilia za Prison Break na 24 msimu baada ya msimu, kwenye DVD za kunakiliwa zilizopita nyumba hadi nyumba mpaka zikachubuka. Ni mitaa hii hii iliyojaza mabanda ya video kusikiliza DJ Afro akizisimulia upya filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani, saa mbili, saa tatu, watu wamebanana kwenye benchi na hakuna anayelalamika kwamba hadithi ni ndefu. Uvumilivu ulikuwepo. Tofauti ilikuwa mlangoni. Banda la video liliuza filamu nzima kwa kiingilio kimoja. Banda la gemu liliuza muda.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Chukua banda la miaka ya 2000 lilivyokuwa: chumba cha mabati au kibaraza kilichozibwa kwa pazia, runinga mbili tatu za Great Wall za inchi 14, PS2 zilizokwisha kufunguliwa na fundi zikatiwa chipu ili zisome diski za kunakiliwa, pedi zilizofungwa kwa selotepu, na bili ya stima inayomnyima mwenye banda usingizi. Mpira ulilipiwa kwa mechi, shilingi 10 na baadaye 20, na sheria ilijulikana: anayefungwa analipa, mshindi anabaki na pedi. Tuseme mechi moja ya 20, pamoja na kuchagua timu na kubishana, inachukua dakika 10. Saa moja inaingiza 120. Gemu ya mtu mmoja ililipiwa kwa dakika. Ukikadiria shilingi moja kwa dakika, saa hiyo hiyo inaingiza 60, na pedi ya pili inakaa bure. Mwenye banda hakuhitaji kusomea biashara ili ajue runinga ipi aiwashe mpira.

Ukilielewa hilo, orodha nzima ya gemu maarufu za Eastlands inajieleza yenyewe. Winning Eleven na Pro Evolution Soccer (PES), FIFA, Tekken 5, miereka ya WWE, Mortal Kombat, Def Jam: Fight for NY yenye wanamuziki wa rap wanaotupana kwenye kuta. Zote zinaisha kwa dakika chache, zinachezwa na wawili, na aliye kwenye benchi anafuata bila kuelezwa kitu. Urban Reign ya Namco, iliyotoka 2005, ni mfano ninaoupenda zaidi. Nje ilipita kimya na wachezaji wengi wa Ulaya hawajawahi kuisikia. Mabandani kwetu ilishika, kwa sababu inaruhusu hadi wanne kupigana kwa wakati mmoja. Jina la "gemu isiyojulikana" basi linategemea umesimama wapi. Orodha za kimataifa za hazina zilizosahaulika zitakutajia Urban Reign kama ugunduzi, na kijana wa zamani wa Kariobangi South atacheka.

Ukipiga hesabu upande wa pili, unaziona zilizokosa nafasi. Grand Theft Auto (GTA): San Andreas, ukiifuata hadithi yake tu, inachukua kama saa 30. Kwa bei yangu ya kukadiria hizo ni shilingi 1,800. Persona 4 inazidi saa 60, maana yake shilingi 3,600 na zaidi, na asilimia kubwa ya muda huo wanafunzi wa shule moja ya Japani wanazungumza. Hakuna mtoto ambaye angeilipia, na hakuna benchi ambalo lingekaa kuitazama. Lakini bei peke yake haielezi kila kitu. Ico ya 2001 na Shadow of the Colossus ya 2005 zinamalizika kwa saa saba hivi kila moja. Shilingi 420 zilizotawanywa kwa mwezi zingewezekana. Kilichoziua ni benchi. Shadow of the Colossus ni kijana juu ya farasi, anavuka nyika isiyo na mtu, dakika nyingi bila adui, hadi anapolikuta jitu. Kwenye runinga ya inchi 14, wavulana saba nyuma yako wakingoja zamu ya mpira, dakika tatu za farasi ni uchokozi.

San Andreas yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ni maarufu kuliko zote na haikuchezwa. Najua nitabishiwa. Kila mtu aliiendesha. Kila mtu aliiba gari, akaruka na parachuti, akaita kifaru kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio ulioandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Kodi hizo zilisambaa shuleni kwa kunakiliwa kwa mkono, L1 na R1 na mishale, pamoja na makosa ya mnakili wa kwanza. Ila hadithi ya mhusika mkuu CJ na kaka yake, polisi wafisadi, usaliti wa rafiki, safari ya kutoka Los Santos hadi San Fierro hadi Las Venturas, ni wachache walioifikisha mwisho mabandani. Wengi walikwama kwenye kazi ya kuifukuza treni kwa pikipiki, wakarudi kwenye kodi. Sababu nyingine ilikuwa memori kadi. Ilikuwa na megabaiti 8, ilikuwa ya mwenye banda, na ilitumiwa na mtaa mzima. Ulihifadhi ulipofika Jumamosi, Jumatatu mwingine akahifadhi ya kwake juu yake. Ukipoteza saa nne za kulipia namna hiyo, hurudii. Unaomba pedi ya mpira.

Kwa hiyo kiporo cha kwanza ninachompendekezea mtu wa Eastlands ni gemu anayodhani anaijua. Aicheze San Andreas bila kodi, kazi kwa kazi. Ni ya 2004, inazungumzia mtaa ambako kila kona ina mwenyewe, polisi wanaogopwa kuliko wezi, na mtu hupimwa kwa alikokulia. Sijui gemu nyingine ya miaka ile ambayo ingesomeka vizuri zaidi Huruma au Mathare North, na sisi tuliigeuza kiwanja cha kurushia magari.

Kuna sababu za kiufundi pia, na hazitajwi vya kutosha. Diski zilizotujia zilinakiliwa kwenye DVD ya kawaida ya gigabaiti 4.7. Gemu iliyotengenezwa kwa DVD ya tabaka mbili, kama God of War II, ilibidi ikatwe ndiyo ienee: video zikabanwa au zikatolewa kabisa. Ulicheza ngumi bila kujua nani anampiga nani kwa sababu gani. Nyingine zilikuwa za soko la Marekani au Japani, za mfumo wa picha wa NTSC, na runinga nyingi za zamani huku zilikuwa za PAL. Matokeo yake ni picha bila rangi. Wapo waliocheza gemu nzima nyeusi na nyeupe wakadhani ndivyo ilivyotengenezwa. Baadaye ikaja njia ya kuwasha PS2 kwa programu iliyowekwa kwenye memori kadi, Free McBoot, na gemu zikasomwa kutoka kwa flashi. Gharama ya diski ikafa. Lakini mlango wa USB wa PS2 ni wa kizazi cha kwanza, mwendo wake haufikii wa kisoma-diski, kwa hiyo video za hadithi zilikatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Mpira haukuathirika sana. Mara nyingine tena, mashine yenyewe iliupendelea mpira.

Kabla ya PS2 kulikuwa na ngazi nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. Zile nakala za Nintendo kutoka Asia, zilizochomekwa kwenye runinga ya sebuleni na kadi iliyoandikwa kwamba ina gemu 9,999,999, ambazo ukizipitia ni zile zile ishirini zimepewa majina tofauti. Contra, Mario, kufyatua bata. Kisha brick game ya betri mbili. Kisha Nokia na nyoka wake, Space Impact, Bounce, na baada ya hapo gemu za Java zilizoshushwa Waptrick kwa kilobaiti za kuhesabu. Nazitaja hizi kwa ajili ya jambo moja: zilichezwa nyumbani. Banda lilikuwa la wavulana. Msichana aliyeonekana mlangoni alikuwa ametumwa amwite kaka yake aje kula, na akikaa dakika tano zaidi, mtaa ulikuwa na la kusema. Kwa dada zetu wengi kiporo si zile gemu 3,800 ukitoa ishirini. Ni zote. Uchambuzi wowote wa "tulivyocheza" Eastlands unaosahau hilo unaeleza nusu ya nyumba.

Simu za Android ndizo zilizovunja ukuta, na zilifanya hivyo bila kelele. PPSSPP, programu inayoifanya simu ijifanye PSP, mashine ya mkononi ya Sony, ilitoka mwishoni mwa 2012. Simu za bei nafuu zilipoanza kuwa na nguvu ya kuiendesha, yaani zile Tecno, Infinix na itel ambazo nusu ya matatu inazo, maktaba nzima ya PSP iliingia mifukoni. Gemu ya PSP haizidi gigabaiti 1.8, na nyingi ni ndogo kuliko hapo. Inahamishwa kutoka simu hadi simu kwa Xender, bila bando, mkiwa mmekaa ngazi za ploti. Hakuna anayekuuzia dakika. Hakuna benchi. Unahifadhi popote na hakuna wa kufuta.

Na watu wakafanya nini? Wakacheza mpira. Hii ndiyo kejeli kubwa ya historia yetu ya gemu. Milango ya maktaba ilifunguka, wengi wakaingia wakaiomba PES, ile ile iliyotiwa jezi mpya, wachezaji waliohama na picha za msimu huu na mafundi wa kujitolea. Si Eastlands peke yake. Wabrazili wamekuwa wakifanya hivyo na PS2 kwa toleo lao la Bomba Patch tangu 2007. Sina ugomvi na kazi hiyo, tena ni ya ustadi. Ila inaonyesha kwamba tabia iliyojengwa na bei huendelea kuishi hata bei ikishakufa. Tulifundishwa kwamba gemu ni kitu cha dakika 10 cha kumfunga mwenzako, na tukaenda na somo hilo hadi mahali ambapo halihitajiki.

Ningemshauri anayetaka kulivunja somo hilo aanzie PSP, kwa sababu PSP ilitengenezewa safari, na safari Nairobi tunazo. Asubuhi ya barabara ya Jogoo, gari limesimama City Stadium na dereva ameshazima injini, ni muda ambao mashine ile ilibuniwa kwa ajili yake. (Kaa upande wa ndani. Simu iliyoshikwa karibu na dirisha la matatu ya 58 lililo wazi ina wanunuzi wengi nje.) Patapon ya 2007 ingekuwa ya kwanza. Unaongoza jeshi la vijitu vyeusi vyenye jicho moja kwa kupiga ngoma: vitufe vinne, kila kimoja na sauti yake, mapigo manne ya kusonga mbele, manne ya kushambulia, na ukikosa mdundo jeshi linachanganyikiwa. Mtu aliyekulia kwenye matatu zenye spika chini ya kila kiti ataielewa kabla ya maelezo kwisha. LocoRoco ya 2006 ni ya kuinamisha dunia ili tone lenye uso liteleze likiimba, na mtoto wa miaka mitano ataimaliza kabla yako. Baada ya hizo, Jeanne d'Arc, ya mbinu za vita kama drafti lakini yenye hadithi, kwa mtu mwenye subira. Na kwa wanaotaka daraja kutoka kwa wanachokijua, Vice City Stories ya 2006 ni GTA kamili ambayo mabanda mengi hayakuwahi kuiona kwa sababu ilianza kwenye PSP.

PS2 kwenye simu ni habari nyingine. AetherSX2 ilipotoka Desemba 2021 wengi walishangilia, lakini ilitaka chipu ambayo simu ya shilingi 15,000 haina, na mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza Januari 2023 baada ya kuandamwa na vitisho vya watumiaji. Ndiyo, watu waliopewa kitu bure walimtishia aliyewapa. Programu bado inazunguka kwa matoleo yaliyorekebishwa na wengine, ila kwa gemu za PS2 kama Okami au Shadow of the Colossus ni afadhali kompyuta, au PS2 halisi, ambazo bado zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika mjini.

Kompyuta ndiyo njia tunayoidharau. Mashine ya ofisi iliyotumika, ile tunayoiita ex-UK, inaendesha gemu nyingi za kompyuta zilizotoka kabla ya 2007 bila kadi maalum ya picha. Na hapa kuna suala la sheria ambalo mwandishi wa habari hizi hawezi kulikwepa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta, na haisemi kwamba gemu ikiacha kuuzwa dukani inakuwa ya kila mtu. Programu ya kuiga mashine si kosa yenyewe. Mahakama ya rufaa ya Marekani ililiamua hilo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Kinachovunja sheria ni nakala ya gemu usiyoilipia. Kwa kipimo hicho, utamaduni mzima wa mabanda ulisimama juu ya nakala haramu, na sioni haja ya kujifanya vingine. Njia ya halali haikuwepo: hakukuwa na duka Tom Mboya Street lililouza Ico halisi, na kama lingekuwepo, bei ya diski moja ingelipa kodi ya chumba Kayole.

Hali imebadilika kidogo. Tangu Juni 2022 Safaricom na Visa zinatoa kadi ya mtandaoni inayolipia kutoka M-Pesa, kwa hiyo asiye na akaunti ya benki anaweza kununua gemu kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam au GOG, hili la pili likiwa limeanza 2008 kwa kuuza gemu za zamani. Steam bado haina bei za shilingi, inatutoza dola, na dola ikipanda bei ya gemu ya 2005 inapanda nayo kana kwamba imeongezwa kitu. Hata hivyo, gemu nzuri za zamani huuzwa kwa dola tano au chini ya hapo zikiwa kwenye punguzo. Hiyo ni pesa ya chipsi kuku. Psychonauts ya 2005, ambamo mtoto anaingia ndani ya akili za watu wazima na kutembea humo, huuzwa hivyo, na sidhani kama iliwahi kuwekwa kwenye runinga hata moja ya banda kutoka Makadara hadi Njiru.

Ila gemu nyingi hazina hata njia hiyo. Taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti Julai 2023 ikionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Ukitaka kuzicheza kihalali, utafute diski ya zamani na mashine ya zamani. Kwa Mmarekani hiyo ilikuwa habari ya kushtua. Kwa mtu wa Eastlands ni maelezo ya maisha ya kawaida, kwa kuwa kwetu ni kama asilimia 100 ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kuhusu namna ya kuvimaliza viporo, ninatofautiana na wale wanaoandika orodha ndefu na kuweka alama ya tiki. Tabia hiyo ni ya mtu aliyenunua, anayetaka kuhalalisha matumizi yake. Sisi hatudaiwi na mtu. Gemu isipokushika kwa saa mbili, iache. Miaka ya kulipia kila dakika ilitufundisha ukali huo, na ndiyo sehemu ya malezi ya banda ambayo ningeihifadhi. Ambayo ningeitupa ni imani kwamba gemu ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Benchi linaweza kufurahia hadithi likipewa nafasi. Banda la video lilithibitisha hilo miaka mingi. Mabanda ya sasa yana PS4 na baadhi PS5, runinga pana za ukutani, na bado yanauza mechi za EA FC kama yalivyouza Winning Eleven. Shadow of the Colossus ilitengenezwa upya kwa PS4 mwaka 2018. Majitu kumi na sita. Mwenye banda anayejua kazi yake angetangaza jioni ya Jumanne, siku ambayo biashara imelala, kiingilio kimoja, majitu manane, pedi inampita kila anayeangushwa. Kwenye inchi 55 farasi yule hachoshi tena. Huenda nimekosea biashara, lakini nimeona watu wakilipa zaidi kutazama vibaya zaidi.

Kuna fungu moja la viporo ambalo sijaligusa, na ni lile la gemu zilizotengenezwa hapa hapa. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa Adventures of Nyangi kwa kompyuta, mwanamke shujaa anayetafuta vitu vya kale vya Afrika, na ikahesabiwa miongoni mwa gemu za kwanza za pande tatu kutoka kusini mwa Sahara. Miaka miwili baadaye yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Games. Mwaka 2011 kampuni ya Planet Rackus ikatoa Ma3Racer kwa simu, gemu ya kuendesha matatu, wakati Nokia zilikuwa bado zinatawala. Mwaka 2015 Andrew Kaggia, yule aliyekuwa amewageuza wanasiasa wetu kuwa roboti katika katuni yake Wageuzi, akatoa Nairobi X: viumbe kutoka angani wanaivamia Nairobi na mchezaji anaitetea kwa bunduki.

Ni wangapi Eastlands waliozicheza? Mabanda hayakuzipokea, kwa sababu zile zile za pedi mbili na dakika 10, na pia kwa sababu hazikuwa za PS2. Mtoto wa Umoja alijua mitaa ya Los Santos kuliko alivyojua kwamba Nairobi yake imo ndani ya gemu. Na tofauti na Patapon, hizi hazina jeshi la wapenzi duniani wanaozinakili kwenye seva. Duka la Nokia lililobeba gemu za simu za enzi ile lilifungwa, likakabidhiwa Opera mwaka 2015. Google nayo ilianza Agosti 2021 kuzizuia programu za biti 32 pekee zisionekane kwenye simu za biti 64, na 2022 ikatangaza kwamba programu zisizosasishwa kwa muda mrefu zitafichwa kwa watumiaji wa simu mpya. Studio ndogo ya Nairobi iliyokwisha kuvunjika haina mtu wa kukaa usiku akisasisha. Sheria yetu ya kuwasilisha nakala kwa serikali inahusu vitabu na magazeti, gemu haimo.

Hapo ndipo ningebadilisha mpangilio wa kazi. Okami haitapotea. Ina matoleo mapya, ina wahifadhi, na mtu akiifikia mwaka 2040 ataikuta. Faili za kusakinisha gemu za Nairobi za 2007 hadi 2015, zile zilizopakuliwa kwenye kompyuta za chuo, kwenye flashi, kwenye kadi za simu zilizokwisha kupasuka vioo, ndizo zinazofaa kutafutwa kwanza, zinakiliwe, na waliozitengeneza waulizwe kama wanaruhusu ziwekwe wazi. Kuna mafundi Kariobangi wanaotoa data kwenye diski iliyoanguka sakafuni. Kazi hiyo si ngeni kwao. Kwa mizani ya ufundi wa gemu, Nairobi X haifiki magotini pa Shadow of the Colossus, na bado kwenye orodha yangu inatangulia.